Mtutu wa .308: anza na kichwa cha risasi

Tangu niweke picha ya bunduki yangu ya shabaha, maswali mengi mliyonitumia yanahusu mtutu. Nimeuchaguaje? Mbona mrefu hivyo? Mbona hela nyingi zimekwenda huko na si kwenye darubini? Naanza na hili la hela. Kitako kizuri, kifyatulio laini na darubini ya bei vyote vinamsaidia mpigaji, lakini risasi ikishatoka kwenye ganda lake, kinachoishika na kuielekeza ni mtutu peke yake. Mtutu mbovu haufichwi na kitu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mkereza, chuma nimejifunzia Tanga, sasa naishi Ohio, Marekani. Mchezo wangu ni F-Class, mashindano ya kulenga shabaha za mbali, kundi la F-TR. Unalala kifudifudi, bunduki imesimama kwa miguu yake ya mbele, unapiga hadi yadi 1,000, yaani mita 914. Kwa umbali huo duara la alama kumi lina upana wa inchi 10 tu, kama sentimita 25. Huku kwetu kuna Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, ambako mashindano ya taifa ya shabaha yalianza kufanyikia mwaka 1907, na upepo wa lile ziwa hauna huruma na mtu.

Sheria za F-TR zinakupunguzia mawazo. Risasi zinazoruhusiwa ni .223 Remington na .308 Winchester basi (namba hizo ni unene wa kichwa cha risasi kwa inchi; mimi napiga .308), na bunduki nzima, pamoja na darubini na miguu, isizidi kilo 8.25. Wenzetu wa kundi la wazi wana uhuru zaidi, na wengi wanapenda risasi kama 6.5-284, inayokwenda kasi na kusumbuliwa kidogo na upepo. Ila baruti nyingi kupita kwenye tundu dogo inakula koo la mtutu, pale inapoanzia mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Mtutu wa 6.5-284 watu huuhesabia risasi 1,000 hadi 1,500 kabla haujaanza kutawanya. Wa .308 unafika 4,000 au 5,000. Kwa mtu anayelipwa kwa saa na anayetaka kufanya mazoezi, mimi sioni cha kubishania hapo.

Sasa tufike penyewe. Watu wengi huanza na jina la kiwanda. Anza na kichwa cha risasi unachotaka kupiga, maana ndicho kinachoamua msokoto wa mifereji ndani ya mtutu, na msokoto ukishachongwa haubadiliki. Kichwa kirefu kinahitaji kuzungushwa kwa nguvu zaidi ili kisiyumbe, kama pia ya kuchezea watoto: ikipungua mzunguko inaanza kulewa. Mwaka 1879 George Greenhill, aliyekuwa akifundisha hesabu chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni ambayo unaweza kuipiga kwa kalamu na karatasi: chukua 150, zidisha kwa kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa urefu wa kichwa.

Mimi nilitaka vichwa vya greini 200, karibu gramu 13, kwa sababu vinashindana na upepo vizuri kuliko vyepesi. Urefu wake ni karibu milimita 37, kipenyo milimita 7.82. Piga hesabu: inatoka milimita 248 kwa mzunguko mmoja. Mtutu wa msokoto wa inchi 10, yaani mifereji inazunguka mara moja kila inchi 10, ni milimita 254, umelegea kidogo kuliko kanuni hiyo inavyotaka. Lakini wapigaji wa sasa wanatumia zaidi kanuni ya Don Miller, ambayo inaingiza na uzito, na hiyo kwa kichwa hiki inaikubali inchi 10 ikiwa na nafasi ya kutosha. Wale wa vichwa vya greini 155 wanatosheka na inchi 13. Ukipiga kichwa changu kwenye mtutu wao unaweza kukuta matundu kwenye karatasi yamekaa kiubavu, ukipata tundu lenyewe. Kwa msokoto wa 10 na kasi ya mita 800 kwa sekunde, risasi inatoka mdomoni ikizunguka zaidi ya mara 3,100 kila sekunde. Kila nikiifikiria hesabu hiyo napata heshima mpya kwa aliyechonga ile mifereji.

Na mchongaji ndiye aliyefuata. Mifereji inaweza kubonyezwa kwa kitufe kigumu kinachovutwa ndani ya tundu mara moja, au kukatwa kwa jino moja linalopita na kurudi mara nyingi, kila safari likikwangua chuma kidogo mno, na mtutu mmoja ukachukua kama saa nzima. Njia zote mbili zimeshinda mashindano makubwa. Shilen wa Texas wanatumia kitufe, Krieger na Bartlein wa Wisconsin wanakata. Mimi nilikwenda kwa wakataji, na sababu ni ya mkereza: jino halikilazimishi chuma, kwa hiyo halikiachii hasira ndani ya kukitia kombo kikipata moto. Chuma ni 416R, kisichoshika kutu kirahisi. Mitutu iliyopakwa kromu ndani ni mizuri kwa vita na mvua, lakini ule upako haukai sawasawa kote, na kwenye shabaha hilo linaonekana.

Urefu ni inchi 30, sentimita 76, ili risasi ifike yadi 1,000 ikiwa bado inaizidi kasi ya sauti. Uzito kama kilo 3. Sikutaka mifereji ya nje ya kupunguza uzito. Afadhali nipunguze kwenye kitako.

Kwa kuwa nilitaka kuufunga mwenyewe, nilichukua mwili wa bunduki ya Savage, ambao tangu modeli 110 ya mwaka 1958 unafunga mtutu kwa nati. Huku mtutu unauzwa kama kipuri. Bunduki kisheria ni ule mwili wenye namba, na huo nimeununua kwa muuzaji mwenye leseni baada ya kukaguliwa. Ninyi mlioko nyumbani Tanzania msiguse chochote cha namna hii bila kibali.

Kufunga kunataka geji mbili, vipande vya chuma vyenye umbo la risasi vya kupimia kina cha chemba, pale risasi inapokaa. Ya kwanza ni inchi 1.630, ya pili 1.634. Tofauti yake ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Unaiweka ya kwanza chemba, unafunga komeo (bolti), unauzungusha mtutu taratibu hadi uguse geji, unakaza nati. Komeo lifunguke na kufunga kwa kidole bila ubishi. Kisha weka ya pili: komeo linashuka kidogo, linagoma. Lisipogoma, usipige hata risasi moja. Legeza, anza upya. Mimi hupima tena baada ya kukaza, kwa sababu nati yenyewe huuvuta mtutu kidogo. Halafu bado nampelekea fundi wa bunduki mwenye leseni aitazame.

Mdomo wa mtutu niliomba uchongwe wa kawaida, umezama ndani kidogo ili usigongwe. Vipunguza mteke, vile vya kufungwa mdomoni ili bunduki isirudi nyuma kwa nguvu, haviruhusiwi kwenye F-Class, msilipie bure kuchongewa nyuzi za kuvifungia. Na agizeni mapema: mtutu wa kuchongewa huchukua miezi, na msimu ukianza foleni inakuwa ndefu zaidi.