Nilivyoimaliza riwaya ya pili ya vijana

Riwaya ya kwanza niliiandika bila kudaiwa na mtu. Ya pili ilikuja na mkataba, tarehe ya kukabidhi mswada, na wasomaji wa miaka 14 walioniandikia kuuliza inatoka lini. Nikawa nafuta kila sentensi kabla haijafika kwenye nukta.

Kilichonikwamua ni habari ya S. E. Hinton, Mmarekani aliyechapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1967 akiwa bado kijana wa miaka 18. Baada ya sifa zote zile, kalamu ilimkauka, mpaka mpenzi wake, ambaye baadaye alikuwa mumewe, alipomwekea sharti: asipoandika kurasa mbili kwa siku, hakuna kutoka pamoja jioni. Riwaya ya pili ikatoka mwaka 1971. Sharti hilo nikalichukua lilivyo: kurasa mbili, alfajiri, kabla ya kwenda kazini, simu ikiwa chumba kingine.

Kurasa zilianza kuja, lakini kazi hasa ilikuwa sauti. Mhusika wangu ni msichana wa miaka 16 na anasimulia mwenyewe. Katika rasimu alisema: "Wakati ule sikujua kwamba hasira zangu zilimuumiza mama." Anayesema "wakati ule" ni mtu mzima anayekumbuka. Nikaandika upya: "Nilibamiza mlango. Nikabaki nyuma yake nikisikiliza kama mama anakuja." Basi, sikuongeza neno. Nikapita sura zote nikiwinda "baadaye nilielewa" na "laiti ningalijua", nikazing'oa. Kijana anahubiriwa nyumbani, anahubiriwa shuleni; akifungua riwaya anataka kuwa ndani ya jambo lenyewe linapotokea, na naona ana haki hiyo.

Mswada niliwapa vijana wachache wausome kabla ya mhariri. Mmoja alizungushia duara aya nzima na kuandika pembeni: "Hapa unaongea wewe." Sijapata kuhaririwa vizuri zaidi ya hapo. Aya ile niliitoa yote.

Kuhusu pesa niseme wazi, maana wanaotaka kuianza kazi hii huniuliza. Malipo ya awali, yaani pesa ambazo mchapishaji hukupa kabla kitabu hakijaanza kuuzwa, mara nyingi hayaji kwa mkupuo. Hugawanywa: sehemu ukisaini, sehemu ukikabidhi mswada, sehemu kitabu kikitoka. Tena hukatwa kwenye mrabaha wako, yaani fungu lako la mauzo ya kitabu, kwa hiyo hupati senti nyingine mpaka mauzo yafidie kiasi ulichokwisha kupewa. Ndiyo maana sikuacha ajira, na nimegundua kuwa mshahara unaniruhusu kuandika kitabu ninachokiamini badala ya kukimbilia kinachouzika msimu huu.

Ya tatu nimeianza kwa utaratibu uleule wa kurasa mbili. Safari hii vijana nawapa sura za mwanzo mapema, kabla sijafika katikati, ili sauti ikiwa si ya mhusika niambiwe kungali na nafasi ya kuibadili.