Siku bibi wa Mufindi aliponiuliza kwanini naruka pale penye mahindi mazuri

Waliosoma kilimo wanaijua hii kanuni. Ukienda kuchukua sampuli za udongo shambani unatembea zigizaga, unachimba sehemu kumi na tano mpaka ishirini, unachanganya kwenye ndoo, ila kuna sehemu unaziruka: penye kichuguu, palipokuwa zizi, pembeni ya njia, chini ya mti, na kwenye mahame, yaani pale watu waliwahi kuishi wakawa wanamwaga majivu na takataka. Sababu yake ni ya msingi kabisa, ukichanganya udongo wa hapo na wa shamba zima majibu yote yanavurugika. Nilifundishwa hivyo SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pale Morogoro na mpaka leo naamini ni kanuni sahihi. Lakini kuna bibi mmoja wa Mufindi aliniongezea kitu juu yake, na nataka nikiandike kabla sijaanza kusahau vitu vidogo vidogo vya ile siku.

Ilikuwa ile miaka ya mbolea ya vocha, mpango ulioanza msimu wa 2008/2009, mkulima anapata vocha ya mbolea ya kupandia, DAP au Minjingu, na ya urea ya kukuzia, na ya mbegu, vya kutosha ekari moja, yeye anachangia nusu ya bei. Sasa ikawa kuna vijiji mbolea inajibu mpaka unafurahi, na kuna vijiji mkulima anaweka vilevile kama alivyoelekezwa na mahindi yanabaki palepale, na maneno ya mbolea feki yakawa mengi sana. Mradi niliokuwa nafanyia kazi ukatutuma twende tukapime udongo na tuangalie majani na mizizi, tujue tatizo liko kwenye mfuko au liko ardhini.

Tulifika Januari, mahindi yako magotini. Mufindi mwezi huo mvua hainyamazi, asubuhi ukungu umeshuka mpaka mwisho wa shamba huuoni, na baridi ile mimi niliyekulia Tukuyu nilidhani naijua lakini vidole vilikuwa vinakataa kushika kalamu. Njiani tulipita mashamba ya chai, kijani kitupu, na hapa niseme kwa asiyejua, chai inapenda udongo wenye tindikali, mahindi na maharage hayaupendi, kwahiyo ardhi ileile inayomstawisha mwenye chai inamtesa mama mwenye ekari mbili za mahindi ng'ambo ya barabara.

Bibi mwenye shamba tulimkuta anapalilia na kitenge kimefungwa kifuani juu ya sweta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikaongeza kamwene akacheka akaanza kuongea Kihehe moja kwa moja, ikabidi kijana wake, mtoto wake wa mwisho, anisaidie. Huyo kijana alikuwa amesimama na mikono mfukoni, hataki kabisa habari zetu. Akasema, "Nyie pimeni tu ila mimi nimeshamwambia mama, hii ardhi imechoka, tupande milingoti yaishe." Na huwezi kumlaumu, Mufindi kila ukigeuka unaona miti, mtu anapanda milingoti au mipaini anasubiri miaka anauza, wakati mahindi yanakula mbolea kila mwaka na gunia halijai.

Shamba lenyewe kwa kweli lilikuwa linasikitisha. Mahindi mafupi, hayalingani, na majani ya chini yana rangi ya zambarau kuanzia pembeni, ambayo mtu wa kilimo akiiona kwenye mahindi machanga wazo la kwanza ni fosforasi, moja ya vyakula vikuu vya mmea, haifiki kwenye mmea. Baridi nayo huwa inaleta ile rangi, lazima niseme ukweli, ndo maana hatuishii kwenye jani. Tukaanza kazi, mwenzangu anachimba katikati ya mistari ili tusikutane na mbolea iliyowekwa kwenye shina, sentimita 20 kwenda chini, mimi nashika ndoo na daftari.

Tukafika karibu na mparachichi mmoja mzee, na pale palikuwa na kipande, kikubwa kidogo kuliko sebule, mahindi yamesimama yako kifuani, majani mapana, kijani iliyokolea. Mstari ni uleule, mbegu ileile, siku ya kupanda ileile. Nikamwambia mwenzangu hapo turuke, hapo ni mahame. Bibi akaacha jembe. Akauliza kwa Kiswahili safi kabisa, taratibu, "Mwanangu, mbona kila penye ugonjwa mnachimba, na hapa penye mahindi mnaruka?"

Nikaanza kumweleza habari ya kuchanganya udongo, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapo ndo palikuwa na nyumba ya mama mkwe wake, jiko lilikuwa upande huu, na yeye mwenyewe alipoolewa alikuwa anamwaga majivu palepale kila asubuhi, miaka na miaka, mpaka nyumba ilipobomolewa. Akasema kila mwaka mahindi yanakuwa hivyo hapo, hata asipoweka mbolea. "Sasa mkiruka hapa mtajuaje?"

Lile swali liliniingia. Maana kuruka ni sawa kwa ndoo ya shamba, lakini hakuna mahali kanuni imekataza usichukue ndoo ya pili. Mwenzangu akatoa ndoo nyingine kwenye gari, tukachimba pale peke yake, mfuko wake, lebo yake. Yaani mle shambani mlikuwa na jaribio limeshafanywa tayari, kwenye ardhi yake mwenyewe, na mama mkwe wake ndo alilianzisha.

Alafu tukang'oa mimea. Bibi aliruhusu mmoja mmoja tu, na huo wa kwenye mahame alitoa kwa shingo upande. Ukitaka kuona mizizi usivute, unachimba pembeni na jembe unanyanyua na bonge lake, unalitia kwenye ndoo ya maji unatikisa taratibu mpaka udongo unaachia wenyewe. Ule wa mahame mizizi yake ilikuwa mirefu, mieupe, na vijimizizi vyembamba kama nywele vimejaa mpaka vinashikana. Ule wa shambani mizizi mifupi minene, ncha zimekuwa za kahawia, zimevimba kidogo, na vijimizizi vyembamba hakuna kabisa. Ndo kazi ya alumini hiyo. Tindikali ya udongo tunaipima kwa pH, namba ikishuka tindikali inazidi. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5 hivi, alumini iliyokuwa imetulia kwenye udongo inaanza kuyeyuka, inaunguza ncha za mizizi, na hapohapo alumini na chuma vinaishika fosforasi uliyonunua dukani haitoki. Mmea unakosa mara mbili, chakula kimefungwa na mdomo wa kulia umeungua.

Nikamweleza bibi hivyo, kijana anatafsiri. Bibi akafikiri akasema, "Kwahiyo ni kama mtoto mwenye vidonda mdomoni. Ugali upo ila hali." Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo na nimeshayatumia kwenye mikutano mingi sana.

Lakini aliyebadilika siku ile ni kijana, na kilichombadilisha ni kisanduku cha rangi tulichobeba cha kupimia pH palepale shambani. Unaweka udongo kidogo kwenye kisahani, unadondoshea dawa, unakoroga, unanyunyizia unga mweupe juu, unasubiri kidogo na unga unashika rangi, unalinganisha na karatasi. Udongo wa shambani ukatoa rangi ya chungwa, kwenye karatasi ni kati ya 4.5 na 5. Wa mahame ukatoa kijani ya kuanzia, kwenye 6 na kitu. Kijana akachukua kisahani mkononi mwake. Akaomba turudie. Tukarudia. Akaenda mwenyewe akachota udongo kwa jirani ng'ambo ya mfereji, chungwa. Akachota kwenye bustani ya mchicha nyuma ya jiko la sasa wanapomwaga majivu, kijani. Jirani mwingine aliyekuwa anapita na galoni la ulanzi akasimama, akaweka galoni chini, akasema na la kwangu, basi pakawa na foleni na ile dawa ikakaribia kuisha na wala sikujali.

Mtu mmoja pale akauliza kama mbolea ndo imeharibu. Hili swali naliheshimu kwasababu lina ukweli ndani yake na lina hatari pia. Mvua nyingi za miaka na miaka zinaosha kalisiamu na magineziamu zinapeleka chini, hiyo ndo sababu kubwa kwa ardhi kama ya Mufindi. Kila mavuno unayobeba kwenda nyumbani yanaondoka na sehemu yake. Na urea na DAP nazo zinaongeza tindikali, kwasababu amonia ikigeuka kuwa naitreti udongoni inaacha tindikali nyuma. Ila ukiacha mbolea kabisa bila kurekebisha udongo utavuna kidogo zaidi, kwahiyo dawa ni chokaa ya kilimo, ambayo inapunguza tindikali kama majivu yanavyofanya, na samadi, na mbolea iendelee. Nikawaambia pia wasikimbilie kusema ni majivu peke yake, kwenye mahame kuna samadi, kuna maganda, kuna mifupa, na majivu yenyewe kwa uzito uleule yana nguvu ndogo kuliko chokaa, jiko moja haliwezi kutibu ekari mbili.

Maabara ilithibitisha. Udongo ulianikwa kivulini, ukapondwa, ukapita chekeche la milimita 2, gramu 10 kwa mililita 25 za maji, kipimo kikasoma 4.7 shambani na 6.3 kwenye mahame, na potasiamu na fosforasi za mahame zilikuwa juu sana. Kwenye kikao cha mradi ikasemwa ile sampuli ya mahame itolewe kwasababu haikuwepo kwenye mpango. Niligoma. Nilisema iwekwe pembeni, isichanganywe na wastani, lakini isitupwe, kwasababu ndo sampuli pekee inayoonyesha ardhi ya kijiji kile inaweza kufika wapi ikitibiwa. Ikabaki, na kuanzia hapo kila kijiji tulichoenda tulianza kwa kumuuliza mwenye shamba atuonyeshe kwanza pale panapostawi bila sababu anayoielewa vizuri, tukabeba mfuko wa ziada kwa ajili ya hapo.

Chokaa ndo ilikuwa kazi. Inatoka Songwe, bei yake kiwandani si mbaya ila inatakiwa kwa tani siyo kwa kilo, na lori kutoka Songwe mpaka ndani kule Mufindi linakula hela kuliko chokaa yenyewe. Hili linaniuma mpaka sasa. Vocha ilikuwepo ya mbolea, ya chokaa hakuna, tukawa tunamsaidia mkulima kununua kitu ambacho udongo wake hauwezi kukitoa. Bibi na majirani walichanga, wakaleta kwa lori moja Septemba, akaweka kwenye robo ya shamba tu kwa uwezo aliokuwa nao, wakakatua wakachanganya vizuri na udongo mwezi na zaidi kabla ya kupanda.

Nilipita tena mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Robo ile ilikuwa imeshayaacha mengine, haijafikia ya mahame lakini zambarau hakuna. Kijana naye alipanda milingoti yake, ila kule juu kwenye mawe ambako hata zamani hawakuwahi kulima, na alikuwa ananidai kile kisanduku cha rangi kwasababu nilimuahidi nikipata kingine nitamwachia. Nilimpa.