Mtu aliyeusemesha mpira

Jioni hii, hapa Detroit, mzee jirani yetu kaniita sebuleni kwake nione video ya zamani ya besiboli.

Juni 1976. Mark Fidrych, mrushaji mpira wa Tigers, timu ya hapa Detroit, kijana wa miaka 21, nywele timtim. Walimwita "Ndege" kwa kufanana na Big Bird, yule ndege wa manjano wa kipindi cha watoto, Sesame Street.

Jamani, anapiga magoti!
Anasawazisha udongo kwa viganja, taratibu, kama anafukia mbegu.
Kisha anausemesha mpira.

Msimu ule alishinda mechi 19. Baadaye goti na bega vikamkatisha safari.

Mzee hakusema kitu, macho hayabanduki kwenye vile viganja vyenye udongo. Nami nikanyamaza.

Nyie je, mchezaji gani mwenye vituko vyake hamjamsahau?