Mlango wa Baba Mkwe

Siku ya tatu tangu wahamie, baba mkwe alikuwa bado hajala hata tonge moja ndani ya nyumba yake mpya.

Ilikuwa Desemba 2014, Tukuyu, na mvua ilikuwa ya Tukuyu. Mahali panapopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mtu hasemi "ikikatika nitakwenda". Anachukua mwavuli anakwenda. Mzee alikuwa amekaa kwenye jiko la zamani, kile kibanda cha mianzi na udongo nyuma ya nyumba ambacho tulikubaliana kukibomoa baada ya Krismasi. Amejifunika blanketi, redio iko magotini, moshi unamzunguka. Mimi nilikuwa namtazama kupitia dirisha la jiko jipya, vigae vinang'aa, sinki ina maji ya bomba, na moyoni nasema: huyu mzee hanipendi.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Wakati huo nilikuwa na miaka minne kwenye ofisi moja ndogo pale Mbeya mjini, na karibu kila mteja aliingia na picha kwenye simu: sebule kubwa, meza ya kulia palepale, jiko la wazi lisilo na ukuta. Nikaishia kuzipenda na mimi. (Siku hizi mteja akiniletea picha ya namna hiyo namuuliza swali moja tu: dagaa mtakaanga wapi? Wengine hubadili mawazo kabla hawajakaa.) Basi watoto wa mzee walipochangishana wamjengee, nikasema ramani natoa mimi, bure, zawadi ya mkwe. Vyumba vinne, sebule katikati, milango yote inafungukia sebuleni. Bafu na choo ndani, ubavuni mwa jiko, ili mabomba yasiende mbali. Korido sikuweka, kwa sababu niliamini korido ni kupoteza nafasi. Matofali ya kuchoma ya hapohapo, mbao za paa kutoka Mafinga, bati jekundu. Dirisha la sebule nililielekeza kaskazini, ulipo Mlima Rungwe, karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, ili mzee auone kila asubuhi akinywa chai. Nilijivunia dirisha lile kuliko cheti changu cha chuo.

Sasa dirisha lipo, mlima upo kwenye siku chache usipofunikwa na wingu, na mzee yuko jikoni kwa moshi anatazama mgomba.

Usiku wa pili nilisikia mlango wa mbele unafunguliwa taratibu. Nikachungulia. Tochi ilikuwa inashuka kwenye utelezi kuelekea choo cha shimo, mvua inamnyeshea. Mzee wa miaka sabini na kitu, na choo cha kuvuta maji kipo hatua chache kutoka kitandani kwake. Nilirudi kulala nikiwa nimekasirika, na hasira yenyewe sijui nilimkasirikia nani. Mume wangu nilipomwamsha alisema, "Mzee ana mambo yake," akageukia ukutani.

Mimi ni Mhehe. Niliposikia kwamba naolewa Unyakyusani, shangazi wa mume wangu aliniweka chini akaniambia mambo mengi, na mojawapo lilikuwa hili: ukimwona baba mkwe njiani, wewe toka njiani. Usimtazame usoni, usipishane naye mlangoni. Niliitikia kwa adabu, lakini moyoni niliyaweka kwenye kapu la mambo ya zamani. Na kweli miaka mitano sikuona shida. Tulikuwa tunakuja, tunakaa saa mbili tatu, mzee yuko migombani na wenzake, mimi niko jikoni na mama mkwe, jioni tunapanda gari kurudi Mbeya. Haikunipitia akilini kwamba tulikuwa tunakwepana. Boma lenyewe lilikuwa linatukwepesha: jiko kule, nyumba ya kulala huku, mgomba katikati, na njia mbili za kwenda kisimani.

Aliyenifumbua macho ni mama mkwe. Tulikuwa tunamenya ndizi za mbalaga, mimi na yeye, kwenye jiko langu la wazi. Hakunitazama. Alisema, "Mwanangu, nyumba umeichora vizuri, kila mtu anaisifu. Nakuuliza tu. Baba yako akitoka kuoga, taulo kiunoni, anapita wapi?"

Niliangalia mlango wa bafu. Niliangalia pale niliposimama. Kisha mlango wa chumba chao, nao unafungukia sebuleni. Kisu kikanikaa mkononi bila kazi.

"Anapita hapa," nikasema.

"Haya," akasema mama, akaendelea kumenya.

Baadaye aliniambia mengine, vipande vipande. Kwamba zamani vijana wa kiume hawakukaa kwa baba zao. Wakishakua kidogo walikwenda kujenga vibanda vyao pamoja, rika moja mahali pamoja, na wakioa wanaishi huko huko, ndipo mkwe na baba mkwe wasichanganyike. Kijiji kizima kilikuwa kimechorwa kwa ajili ya jambo lile lile ambalo mimi nililiweka kwenye kapu. "Usidhani anakuchukia," alisema. "Anakuheshimu mpaka analowa."

Usiku ule sikulala, nikawa namwaza bibi yangu, mzaa mama. Yeye alikulia kwenye tembe, huko kwetu Iringa: vyumba vimejipanga kuzunguka ua, paa bapa la miti lililoshindiliwa udongo juu. Alikuwa anatusimulia jinsi mgeni alivyokohoa mlangoni, kisha akawa bado na ua mzima wa kuvuka, kuku wakimpigia kelele. Kabla hajafika, aliyekuwa chumba cha mbali ameshavaa, au ameshaficha alichotaka kuficha, au ametoweka. Ule muda wa kuvuka ua mimi niliufuta kwa rula, tena kwa wino mweusi, nikauita nafasi iliyopotea.

Asubuhi ya tarehe 23 nilimpigia fundi. Alikuja, akasikiliza, akavua kofia. "Dada, rangi haijakauka hii nyumba. Tunabomoa?"

Tulibomoa kidogo. Kwenye chumba cha wazee kulikuwa na dirisha upande wa migombani. Dirisha kugeuka mlango si kazi kubwa, kwa sababu linta, boriti inayobeba ukuta, ipo tayari juu yake. Unatoa fremu, unashusha kozi za matofali zilizo chini, unaweka kizingiti. Mlango tuliutoa kwenye lile jiko la zamani, ubao mzito wa zamani wenye masizi, nao ukaingia baada ya kukatwa kidogo chini. Bafu tuliliziba upande wa sebule na kulitobolea upande wa chumba cha wazee, mabomba hatukuyagusa. Maana yake sisi wengine wote tulirudi choo cha shimo Krismasi ile, na hakuna aliyenilalamikia usoni.

Kibaraza ndicho kilichonichosha. Paa nililolichora lilitokeza sentimita sitini tu, na kwa mvua ya Tukuyu hiyo ni kama kofia isiyo na ukingo. Tukasimamisha mirunda minne, tukapiga mabati yaliyobaki, kibaraza kikazunguka kutoka mlango mpya wa mzee hadi mlango wa nyuma wa jiko. Katikati, kiambaza cha mianzi iliyopasuliwa. Fundi akauliza aache nafasi kiasi gani kati ya mwanzi na mwanzi. Nikafikiri. Nikamwonyesha kidole kimoja, kisha nikabadili nikamwambia nusu yake. Nilitaka upepo upite na sauti ipite, sura ibaki upande wake.

Krismasi baada ya ibada, watu wakiwa bado wanaingia na kutoka, nilichukua ungo wa maharage nikakaa upande wangu wa kibaraza. Mwanangu wa miaka minne alikuwa hapo anacheza na maji ya paani. Nikasikia mlango wa masizi unafunguka. Kikohozi kimoja. Kigoda kikaburutwa. Kati ya mianzi niliona kipande cha blanketi tu.

Muda ukapita, kisha sauti ikaja, ikimwita mtoto. "Mwambie mama yako, upepo wa huku unatoka mlimani. Lile dirisha kubwa lingekuwa dogo."

Mtoto akakimbia akazunguka kiambaza, akaniambia maneno yale yale, neno kwa neno, kana kwamba nilikuwa Mbeya.

"Mwambie babu nimesikia. Nitaweka pazia zito."

Akakimbia tena. Akaenda na kurudi mara nne, tano: bei ya bati, fundi ametoka wapi, kile kibanda kisibomolewe maana kuku watalala wapi. Mwisho alichoka, akamwona jogoo chini ya mgomba, akamfuata kwenye mvua.

"Mwambie mama yako," sauti ikasema, "mbalaga ya leo nani kapika?"

Mtoto alikuwa mbali, miguu imejaa tope. Hapakuwa na mtu mwingine kibarazani.

"Mwambie babu," nikasema, huku nachambua maharage, "nimepika mimi."

Akakaa kimya kidogo.

"Mwambie chumvi ilitosha."