Vuma, mahali ambapo bahari haina kizuizi

Mtu wa Mombasa akikwambia anakwenda baharini siku ya Idi mosi, mara nyingi maana yake ni ufukwe wa Pirates. Mchanga, ngamia, tairi za kukodi, watoto wanaruka kwenye maji ya kiunoni, na mbali kule mstari mweupe ambapo mawimbi yanavunjikia mwambani. Mstari ule ndio unaotufanya tuseme bahari yetu ni pole. Bahari haina upole wowote, ni mwamba tu umetukinga. Ukitaka kuona inavyokuwa ikiachiwa, panda gari uelekee kaskazini, pita Mtwapa, pita Vipingo, mpaka majabali ya Vuma, upande wa Takaungu, kabla hujafika Kilifi.

Habari za Vuma nimezisikia tangu utotoni kwa ami yangu, maana bibi yetu alikuwa mtu wa Takaungu. Binti yangu naye amezipata kwenye simu: vijana wamesimama ukingoni, mikono hewani, povu nyuma yao. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kwenda. Mimi yangu ilikuwa ya kikazi. Ni mwashi, na kazi zangu nyingi ziko Mji wa Kale, kurudishia kuta za watu zilizochoka. Jiwe la matumbawe nimelishika karibu maisha yangu yote, lakini siku zote hunijia kwa lori, au nalitoa kwenye ukuta wa marehemu fulani. Nilitaka kuliona likiwa limesimama lenyewe, bila fundi.

Siku aliichagua ami, na hakuangalia kalenda ya ukutani. Aliangalia mwezi. "Twende bamvua, na tufike saa tisa, maji yajaze mbele yetu." Hapa kwetu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, mtu aliyekulia pwani hahitaji jedwali kwa hilo. Tena ulikuwa Julai, kusi imeshika, upepo unasukuma maji kutoka kusini tangu Aprili. Kaskazi ikivuma, anasema ami, Vuma hunong'ona tu. Kusi ndiyo huipigisha kelele.

Njia sina la kusimulia. Foleni ya Mtwapa kila mtu anaijua, na kondakta aliyetutoza nauli ya Malindi ilhali tunashukia Takaungu nimemwachia Mungu. Baada ya Kikambala mambo hubadilika: mkonge kushoto, mkonge kulia, mistari imenyooka hadi macho yanachoka, milingoti yake imesimama juu na mibuyu michache ambayo hakuna aliyethubutu kuing'oa. Tukachukua boda mbili kutoka njia panda, vumbi mpaka kwenye kope.

Dereva wangu alipozima pikipiki, kitu kikagonga chini ya ardhi. Si mlio wa wimbi kama tulivyouzoea, ule wa kuvuta na kusukuma. Ni kishindo kimoja kizito, halafu kimya, halafu kingine. Binti yangu akauliza kama kuna machimbo karibu wanapasua mawe. Halikuwa swali la kijinga, maana ukanda huu wote umejaa machimbo. Ami akacheka. "Hayo ndiyo machimbo yenyewe, mjukuu wangu. Yachimbwa usiku na mchana na hakuna analipwa."

Tukatembea. Na hapa niwatahadharishe: msiende na ndara. Sehemu ya juu ya jabali si uwanja. Mvua na chumvi vimelila jiwe mpaka limebaki meno matupu, ncha juu, vishimo katikati, na ukikosea hatua linachana soli. Kwenye vishimo vikubwa kulikuwa na maji yaliyorushwa na mawimbi. Kwenye vidogo maji yamekauka, imebaki chumvi nyeupe. Binti akaionja. Vichaka vyote vimelala kuelekea bara, kana kwamba vimeambiwa viiname.

Nikachuchumaa. Wenzangu walikuwa wanatazama bahari, mimi natazama chini ya viatu vyangu. Jiwe la Vuma ni lile lile la kwetu, lakini halijakatwa, kwa hiyo unaona lilivyokuwa. Hapa tumbawe la duara lenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi, kubwa kama meza ya kahawa. Pale gamba la kombe limekaa wima vile vile lilivyokuwa likiishi. Katikati yake mchanga ulioganda ukawa jiwe. Huu ulikuwa mwamba hai chini ya maji. Wataalamu wa miamba wanasema miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa mita kadhaa juu kuliko leo, na matumbawe yakajengeka kuifuata. Bahari ikashuka, mwamba ukabaki nje umekufa. Kisiwa cha Mombasa chenyewe kimekaa juu ya jiwe la namna hiyo. Wareno walipoanza Fort Jesus mwaka 1593 hawakutafuta msingi mbali. Walichonga hapo hapo, na ukienda leo upande wa handaki utaona ukuta wa fundi umepandana na ukuta wa Mungu, usipokuwa makini hujui mpaka uko wapi. Saruji ya Bamburi nayo, tangu 1954, inatoka kwenye mwamba huo huo uliosagwa.

Sasa kwa nini Vuma iwe kali na Nyali, kule kwetu Mombasa, iwe pole, ilhali jiwe ni moja? Ukiwa pale juu unaona jibu. Hakuna ule mstari mweupe wa mbali. Hakuna maji ya kijani ya kuogelea kati yako na bahari kuu. Rangi ni bluu iliyokolea mpaka chini ya miguu yako, na wimbi lililotoka huko lilikotoka halijakutana na kitu chochote njiani. Kitu cha kwanza linachokutana nacho ni ukuta.

Na ukuta linaujua pa kuuvunjia. Juu halina haja napo. Linakula kiunoni, pale maji yanapopanda na kushuka kila siku. Linapiga, linaondoka na chembe. Konokono wadogo na viumbe wengine wa mwambani wanakwangua na kutoboa. Maji yenyewe yanayeyusha kidogo kidogo. Baada ya muda jabali linakuwa limeliwa chini na kubaki limejitokeza juu. Kukiwa na ufa, bahari inaupanua ukawa pango. Ndicho kile kishindo: wimbi linaingia pangoni, hewa iliyokuwa ndani haina pa kutokea, inabanwa, inapasuka. Pengine hupata tundu juu, basi maji yanatoka kwenye ardhi kavu nyuma yako, ukalowa mgongo huku unaitazama bahari kwa mbele. Hilo lilimpata ami na kofia yake, na hakufurahi.

Binti yangu alitaka picha ya mikono hewani.

"Rudi nyuma wewe!" ami akamkemea. "Hapo ulipo wasimama juu ya hewa."

"Babu, wenzangu wote wamesimama hapa."

"Na wenzako wakianguka?"

Mimi nikaenda kuangalia kama ninavyoangalia roshani ya mtu kabla sijapandisha mafundi. Kiasi cha hatua mbili kutoka ukingoni kulikuwa na ufa unaokwenda sambamba na ukingo, kidole kinaingia, na ndani yake majani yameota. Majani ni dalili kwamba ufa ni wa zamani na unashika maji. Ningelikuta hilo kwenye roshani Mji wa Kale, ningefunga mlango na kumwita mwenye nyumba. Sikumwambia mengi, nilimwonyesha tu kidole changu kilivyoingia mpaka kifundo. Akarudi mwenyewe.

Tulichofanya badala yake nakipendekeza kwa yeyote: tulisogea mahali ambapo jiwe ni zima, tukalala kifudifudi, mimi nikamshika vifundo vya miguu, tukachungulia. Picha yote iko huko chini. Kuna mshipi wa kijani wa mwani, juu yake mshipi mweusi unaong'aa, juu tena jiwe la kijivu lenye meno. Wimbi likirudi nyuma, maji yanachuruzika kutoka kwenye kila tundu, na kaa wanatoka mbio kula kitu sijui nini, wakikatiza kwa upande. Wimbi likija, wanapotea. Hakuna hata mmoja niliyeona amechukuliwa. Binti alisahau simu mfukoni.

Kulikuwa na wavuvi watatu, wote wa mshipi wa mkono, umezungushwa kwenye chupa ya plastiki. Chambo ngisi, chubwi ya risasi, mzungusho mmoja juu ya kichwa na kutupa. Sijawahi kuona watu wanaosimama kwa heshima namna ile mbele ya maji. Hakuna aliyeipa bahari kisogo, hata wakati wa kuwasha sigara. Nikamuuliza mmoja, mzee mwenye kanzu fupi iliyofungwa kiunoni, anajuaje wimbi kubwa linakuja.

"Usitazame wimbi, bwana. Tazama mwamba hapo chini. Maji yakishuka mpaka ukaona pasipoonekana siku zote, ondoka."

Muda si mrefu alituonyesha. Maji yakazama, mshipi wa kijani ukazidi urefu, chini yake pakatokea jiwe la zambarau ambalo hatukuwa tumeliona. Mzee akarudi hatua nne bila haraka. Halafu likaja. Manyunyu yalipanda juu yetu, yakasimama kidogo, yakamwagika. Wavuvi wakarudi mahali pao. Mmoja alipata tewa mzuri tu, na kumpandisha ukuta wote ule bila kumgonga ilikuwa kazi ya mtu mwenye mkono wa utulivu.

Ami yeye alikuwa na shughuli yake: nyangumi. Kuanzia Julai mpaka Septemba hupita pwani yetu, wametoka kwenye maji ya baridi ya kusini kabisa, Antaktika, kuja kuzaa na kulea kwenye joto. Kwa juu namna ile ni mahali pazuri pa kuwatazamia kuliko ufukweni. Akakaa na mkono juu ya nyusi. Baadaye akasema ameona mgongo. Mzee wa mshipi akasema naye kaona. Mimi niliona povu, na ninajua povu likoje, lakini sikubishana na wazee wawili.

Jioni tukateremka Takaungu kusalimia jamaa na kusoma fatiha kwa bibi. Takaungu ni mji mdogo umekaa juu ya mlango wa bahari, umetulia kupita kiasi, na mtu asiyejua atadhani hapakupata kutokea jambo. Ami hakuniacha nidhani hivyo. Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walipoipoteza kwa Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, mwaka 1837, wakubwa wao wengine wakasafirishwa kifungoni Bandar Abbas, Uajemi, na waliosalimika waligawanyika, wengine wakenda Gazi, kusini ya Mombasa, wengine wakaja hapa. Kwa hiyo mji huu ni watu wa Mombasa waliokosa pa kurudi. Mwaka 1895 mtawala wa hapa alipofariki, Waingereza wakampa kiti waliyemtaka wao, na ugomvi wa kurithi ukawa vita vya pwani nzima. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana nao hadi 1896, alipovuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Ami huyasimulia haya kama mtu aliyeporwa shamba wiki iliyopita.

Mimi nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja, jicho liko ukutani. Nyumba ya jamaa zetu ina upande mmoja wa zamani: jiwe la matumbawe na chokaa, unene wa dhiraa, umesimama. Upande wa pili walitengeneza juzi kwa lipu ya saruji, na tayari inabanduka, chini yake unga mweupe wa chumvi. Nimewaeleza, kama ninavyowaeleza wenye nyumba wote. Jiwe hili lina matundu, linavuta unyevu wa bahari, lazima lipumue. Chokaa inaliacha lipumue. Saruji inaliziba mdomo, chumvi inakosa pa kutokea, inasukuma lipu. Waliitikia kwa adabu, wakaniuliza mfuko wa chokaa bei gani siku hizi, wakanyamaza.

Kwenye matatu ya kurudi tuliingia kwenye ubishi. Binti alitaka serikali iweke reli za chuma pale Vuma. Mimi nikasema chuma kwa ile chumvi kitaoza upesi. Kinachofaa ni ukuta mfupi, wa kukalia, hatua tano nyuma ya ule ufa, jiwe la hapo hapo na chokaa, bila saruji hata kijiko. Nikaanza kupiga hesabu ya mawe kwenye simu. Ami, ambaye tulidhani amelala, akafumbua jicho moja.

"Na fundi atakuwa nani?"

Nikasema wapo mafundi wengi.

"Hm," akasema, akalifumba. "Basi andika na nauli yako mpaka Malindi."