Opsheni moja, maana mbili: Linux na FreeBSD

Wadau, huku Kigoma tuko vijana kadhaa tunaokompaili programu wenyewe, yaani kuzijenga kutoka sosi kodi (maandishi ya msanidi), huyu ana Ubuntu (aina ya Linux), yule Mac, mwingine FreeBSD (mfumo mwingine wa kompyuta), na kinachotusumbua sana wala si kodi yenyewe, ni zile opsheni za komandi, yaani herufi kama -D zinazofuata jina la komandi. Chukua install -D, install ikiwa komandi ya kuweka faili mahali pake. Kwenye Linux yenye zana za GNU inakutengenezea folda zote za njiani halafu inaweka faili, ila kwenye FreeBSD herufi hiyohiyo ina kazi nyingine kabisa, inataka uitajie DESTDIR, folda ya juu kabisa ambamo faili zinawekwa. Bora uandike hatua mbili, install -d kutengeneza folda kisha install -m 755 kuweka faili na ruhusa zake, hapo mashine zote zinakubali.

Sed, komandi ya kubadilisha maandishi, nayo hivyohivyo, -i (badilisha faili lenyewe) ikiwa tupu kwenye GNU inapita lakini Mac na FreeBSD zinadai kiambishi cha bekapu, sasa ukiandika -i.bak bila kuacha nafasi inafanya kazi kote.

Make, komandi inayoendesha hatua za kujenga programu, kwenye FreeBSD sio ya GNU, kwa hiyo tumia gmake, hiyo ndiyo make ya GNU.

Jamani mnaoandika Makefile (faili la maelekezo ya make), tufikirieni na sisi, mtu kanunua bando kashusha sosi nzima, kakompaili weee, halafu inakwama kwenye make install, hatua ya kusakinisha, inauma sana aisee.