Jinsi nilivyoondoa mvumo kwenye priamplifaya bila kukata waya wa athi

Siku nilipounganisha priamplifaya yangu, kifaa kinachopokea sauti kutoka vyanzo kama king'amuzi na kuiandaa, na amplifaya inayoendesha spika, ulisikika mvumo mzito ambao haukupungua hata nilipoteremsha sauti hadi sifuri. Nilichomoa kebo za vyanzo moja baada ya nyingine, nikizima amplifaya kila mara, kwa kuwa kuchomoa kebo ya sauti umeme ukiwa umewashwa kunaweza kupeleka mshindo unaoharibu spika. Mvumo ulikoma nilipotoa kebo ya king'amuzi. Nilipoirudisha na badala yake nikachomoa waya wa dishi, ulikoma pia.

Hapo nikaelewa kwamba mfumo ulikuwa na njia mbili za kwenda ardhini, moja kupitia soketi na nyingine kupitia nguzo ya dishi, na mkondo wa hezi 50, yaani wa umeme wa nyumbani, ulikuwa ukizunguka katika ngao za kebo zangu, zile nyaya za nje zinazofunika waya wa sauti, na kuleta mvumo ule.

Fundi mmoja alinishauri nikate waya wa athi, ule unaopeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea, kwenye plagi ya amplifaya. Nilikataa kabisa, kwa sababu waya wenye umeme ukigusa bodi la chuma la amplifaya, fyuzi haitakatika, na atakayeligusa ndiye atakayekuwa njia ya umeme. Nilichofanya ni kuweka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti, inayopitisha sauti bila nyaya za pande mbili kuungana, kati ya king'amuzi na priamplifaya, nayo ikakata mzunguko huo huku athi zote zikibaki mahali pake.

Sasa ninawasha priamplifaya kwanza na amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya hutangulia.